Tupeane uzoefu: kuzalisha kuku wa mbegu tofauti na kuwakabidhi kwa wafugaji wengine

Mwanzisha mada, Kibaha

Ndugu wafugaji, salaam. Mada hii ni kwa ajili yetu sisi tunaofuga kuku wa mbegu mbalimbali nyuma ya nyumba, kwa mapenzi na kwa kitoweo, ambao kila baada ya muda hujikuta tukiwa na kuku wengi kuliko banda linavyoweza kubeba, tukalazimika kuwagawa, kuwauza au kubadilishana. Naomba kila mmoja aeleze anafuga mbegu gani, anaizuiaje isichanganyike, na anawakabidhi vipi kuku wake wanapohamia kwa mtu mwingine. Mbegu nyingi nzuri hazimalizwi na magonjwa peke yake. Hupotea mikononi mwetu, pale kuku anapotoka boma moja kwenda jingine bila ya mtu yeyote kueleza ametokana na wazazi gani.

Nianze mwenyewe. Ninafuga Kuchi, pamoja na kuku weusi ambao huku kwetu wamezoeleka kwa jina la kuku wa Malawi, ingawa mbegu yenyewe ni Black Australorp, iliyoendelezwa Australia kutokana na Orpington wa Uingereza. Kuchi ni kuku mrefu, mwenye kifua kipana na manyoya yaliyobana mwilini, na watafiti wa vinasaba humhusisha na kuku wa kusini-mashariki mwa Asia, jambo ambalo halimshangazi mtu anayejua jinsi majahazi yalivyokuwa yakileta vitu vingi katika pwani yetu. Mtetea wake hutaga mayai machache, na kwa kuwa ni mzito, mayai yake mimi huyaweka chini ya mitetea midogo ya kienyeji inayoatamia kwa utulivu hadi siku ya 21.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayechukua mitetea kwangu ni kwamba mtetea huhifadhi manii ya jogoo mwilini mwake. Ukimtenga leo na jogoo wa zamani ukampa jogoo mpya kesho, mayai ya wiki mbili zinazofuata, na pengine hata ya wiki ya tatu, yanaweza bado kuwa ya yule wa kwanza. Kwa hiyo mayai ya wiki tatu za mwanzo tunakula, na kinachotagwa baada ya hapo ndicho kinachototoleshwa. Kuku anapoondoka kwangu huondoka na karatasi yenye mwezi aliototolewa, baba yake, mama yake na chanjo alizopata. Na pora, yaani jogoo mchanga, wa Kuchi simkabidhi mtu ninayefahamu kwamba anamtaka kwa ajili ya kupiganisha. Majogoo wa mbegu hii huumizana vibaya hata bila ya kuchochewa na binadamu.

Mchangiaji wa Tabora

Ndugu yangu wa Kibaha, nashukuru kwa mada hii, maana umeligusa jambo ninaloishi nalo. Huku kwetu kuna Singamagazi, kuku mwenye umbo kubwa na rangi nyekundu, ambaye mtu akimwona kwa mara ya kwanza hudhani ni mbegu iliyotoka nje ya nchi. Tatizo la kufuga mbegu moja nyumbani ni kwamba usipoingiza damu mpya, jogoo huishia kuwapanda dada zake na binti zake, na kwa jinsi vizazi vinavyoendelea ndivyo mayai viza yanavyoongezeka, vifaranga wanavyozaliwa dhaifu na umbo linavyopungua. Watu husema kwamba kuku wamechuja, kumbe ni undugu uliozidi.

Hapa tumeunda mzunguko wa nyumba tatu. Mitetea haitoki katika nyumba yake. Wanaohama ni majogoo tu. Mapora bora wa nyumba ya kwanza huenda kuwa majogoo wa nyumba ya pili, wa nyumba ya pili huenda ya tatu, na wa nyumba ya tatu hurudi ya kwanza, na utaratibu huo haubadilishwi hata siku moja. Kwa njia hiyo hakuna jogoo anayekutana na dada yake wala mama yake, na mbegu inabaki kuwa Singamagazi bila ya kulazimika kumtafuta jogoo mbali kila mwaka. Tunatumia jogoo mmoja kwa mitetea wanane hadi kumi. Kwa maoni yangu, mtu anayependa mbegu fulani kwa dhati hapaswi kuwa nayo peke yake, kwa sababu siku mdondo ukiingia katika boma lake atabaki mikono mitupu, lakini akiwa ameisambaza kwa jirani zake anapo mahali pa kuanzia upya.

Mama mfugaji, Moshi

Mimi niwazungumzie Kuroiler na Sasso, kwa sababu ndio wanaoulizwa zaidi na majirani zangu. Hawa ni chotara waliotengenezwa kwa makusudi, Kuroiler asili yake ikiwa India na Sasso Ufaransa, na kifaranga tunayemnunua ni matokeo ya koo tofauti za wazazi zilizopandishwa kwa mpango. Ukimchukua jogoo wa Kuroiler na mtetea wa Kuroiler ukatotolesha mayai yao, hutapata Kuroiler. Utapata mchanganyiko: mmoja mkubwa, mwingine mdogo, mmoja wa madoadoa, mwingine mwekundu, na wengi wao wakikua taratibu kuliko wazazi wao. Si kuku wabaya. Watoto wangu wamekula mayai yao kwa miaka mingi. Lakini ninapomuuzia mama mwenzangu kifaranga wa aina hiyo, humwambia waziwazi kwamba ni mtoto wa chotara, wala simtozi bei ya Kuroiler.

Jambo la pili ni kwamba kuku hawa waliochaguliwa kwa ajili ya nyama au mayai kwa kawaida hawana moyo wa kuatamia. Anayewachukua akitarajia kwamba watatotoa wenyewe, naomba aandae mitetea ya kienyeji au mashine ya kutotolesha.

Mfugaji wa Tanga

Nimefuatilia michango yenu kwa makini. Mapenzi yangu mimi yako kwa kuku wenye maumbile ya kipekee: kishingo, yaani kuku wa shingo uchi, na kidimu, yule ambaye manyoya yake yamegeuka nyuma kana kwamba amesimama kwenye kusi. Kuku hawa hupata nafuu katika joto letu la pwani, maana hali ya manyoya yao huruhusu joto la mwili kutoka kwa urahisi. Tatizo ni kwamba wanaowachukua wengi hawaelezwi jinsi maumbile hayo yanavyorithiwa, wakapata matokeo wasiyoyatarajia na kudhani wamedanganywa.

Kidimu akipandwa na jogoo wa manyoya ya kawaida, takriban nusu ya vifaranga watakuwa vidimu na nusu wa kawaida, na hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Vidimu wawili wakipandishwa pamoja, robo ya watoto hupokea maumbile hayo kutoka pande zote mbili, na manyoya yao huwa laini mno, hukatika ovyo na kuwaacha karibu uchi, hali inayowatesa usiku wa baridi na wakati wa mvua. Kishingo hana taabu hiyo. Ukimwona ana kishungi cha manyoya mbele ya shingo, fahamu kwamba amerithi kwa mzazi mmoja, na ukimpandisha na kuku wa kawaida usishangae nusu ya vifaranga wakiwa na shingo zilizofunikwa.

Wa kuangaliwa zaidi ni kuku wa miguu mifupi sana. Wawili wa aina hiyo wakizaana, takriban robo ya mayai yaliyorutubishwa hufa ndani ya ganda, nyingi ya mimba hizo zikiwa changa kabisa, na hakuna mashine wala uangalizi utakaoziokoa. Ninamsihi kila anayewafuga awapandishe na kuku wenye miguu ya kawaida, na anapowagawa amweleze mpokeaji jambo hilo kabla ya kumkabidhi.

Mfugaji wa Kilifi

Majirani zangu wa Tanzania, nawasalimu kutoka Kenya. Ninafuga kuku wa kienyeji walioboreshwa, mbegu iliyotokana na utafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kule Naivasha, na ningependa niongeze kuhusu afya, kwa kuwa ugonjwa husafiri ndani ya tenga lile lile linalobeba kuku. Kuku anayetoka kwangu huwa amechanjwa dhidi ya kideri, yaani mdondo, angalau wiki mbili kabla ya safari, ili kinga iwe imejengeka. Chanjo ya I-2 inafaa sana kwa wafugaji wadogo kwa kuwa inastahimili joto kuliko chanjo nyingi, hutolewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Kuku anayekuja kwangu hukaa peke yake kwa wiki tatu hadi nne, mbali na wenzake, na huwa wa mwisho kupewa chakula ili nisibebe kitu kwa mikono au viatu kutoka kwake kwenda kwa wengine. Katika muda huo ninachunguza viroboto machoni na kwenye undu, chawa chini ya mbawa, na magamba ya miguu yaliyoinuka. Jambo linaloniuma ni ile tabia ya kuuza kuku haraka pale wa kwanza anapoonyesha dalili. Mtu anaokoa shilingi zake, lakini anapeleka msiba katika boma la mwenzake ambaye hakumkosea lolote.

Mpangaji wa Dar es Salaam

Mimi nilihama nyumba, na mwenye nyumba mpya hakuruhusu mifugo, hivyo nikawatafutia kuku wangu makao kwa rafiki yangu wa Chanika. Nilichojifunza ni kwamba kuku walioishi pamoja wahamishwe pamoja, angalau wawili wawili, kwa sababu kuku mmoja akiingizwa katika kundi geni hudonolewa sana mpaka nafasi yake ijulikane. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kweli wengi bado hufunga kamba, ila kamba huchubua mguu. Rafiki yangu aliwafungia ndani ya banda kwa karibu wiki nzima wakiwa na maji na chakula, kisha akawatoa jioni, muda mfupi kabla ya giza, nao wakarudi wenyewe kulala.

Naomba kuuliza: je, si rahisi zaidi kupeleka mayai badala ya kuku?

Mwanzisha mada, Kibaha

Dada wa Dar es Salaam, mayai yanafaa, mradi yasizidi siku saba tangu kutagwa, yasioshwe, yapangwe kwenye trei ncha nyembamba ikiwa chini, na yakifika yapumzishwe karibu siku nzima kabla ya kuwekwa chini ya mtetea au kwenye mashine. Hata hivyo, mtikisiko wa barabara huharibu baadhi yake, kwa hiyo mwenye kupeleka asiahidi kwamba yote yatatotolewa.

Ndugu wa Tabora, utaratibu wenu wa nyumba tatu nimeupenda. Hapa Kibaha tuko wawili wenye Kuchi ambao koo zao hazina undugu, na tunamtafuta wa tatu.

Mchangiaji wa Tabora

Wa tatu nitakuwa mimi, kwa kuwa banda la pili ninalo na liko mbali na Singamagazi wangu. Niletee mitetea miwili na pora mmoja wasiotoka kwa mama mmoja, wakiwa na karatasi zao, na upitie kwanza kwa afisa mifugo kuchukua kibali cha kuwasafirisha. Mapora watakaozaliwa kwangu watarudi kwenye nyumba yako, wala sitawapeleka kwingine kabla ya kukuuliza.