Nimeombwa kusimulia hali yangu hadharani: je, nikubali?

Binti Likoni: Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina umri wa miaka 31, na ninaishi na virusi vya UKIMWI tangu mwaka 2014. Kikundi chetu cha kusaidiana kimeniomba nisimulie habari zangu tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, tena bila kuficha uso. Moyo unataka, lakini usingizi umenipaa. Nifanyeje?

Mama Kisauni: Mwanangu, kwanza usikose dawa hata siku moja. Marehemu kaka yangu aliziacha alipoona amerudiwa na mwili na amerejea kazini bandarini, akadhani amepona, na mwaka haukuisha tukamzika. Nilikuwa nikimpikia uji nikiamini ni tumbo tu linalomsumbua, kwa sababu hakutwambia.

Msafiri wa Kivuko: Dada, Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda, alijitangaza mwaka 1989, wakati mseto wa dawa tulio nao leo haukuwapo. Wewe unamwogopa nani hasa?

Binti Likoni: Ninamwogopa mmoja. Posa imepokelewa, harusi ni Januari, na mchumba wangu hajui. Msinihukumu: kwa miaka mitano mfululizo virusi vyangu havionekani kwenye kipimo, na daktari amenieleza kwamba aliye katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kumwambia si kumtia hofu ya bure? Isitoshe, jina langu nimeshalipeleka kwa waandalizi.

Mwalimu wa Madrasa: Dada yangu, alivyosema daktari ni kweli, na ni neema kubwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu UKIMWI pia inakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili aolewe, kwa hivyo siri ni yako. Lakini umeamua mwenyewe kuitoa mbele ya mtaa mzima. Vipi basi atakayekuwa mumeo aisikie kutoka kwa majirani?

Mchunguzi: Nina shaka kwamba kisa hiki kimetungwa. Anayemficha mchumba anajitolea vipi kusimama jukwaani? Kama kweli ulianza dawa mwaka 2014, tueleze zilikufanyaje usiku.

Binti Likoni: Nilikuwa nikimeza kidonge chenye efavirenzi kabla ya kulala, kichwa kikinizunguka kama niliyepanda mashua siku ya kusi, na karibu kila usiku niliota nimetumbukia baharini kutoka kivukoni huku abiria wakinitazama. Nilipobadilishiwa dawa mwaka 2019, nikapewa yenye dolutegraviri, ndoto zile zikakoma. Hadi leo mkebe wa vidonge ninaujaza pamba ili usilie mkobani ninapovuka. Wiki iliyopita mchumba wangu alinibebea mkoba huo, akauona mkebe, nami nikamwambia ni dawa ya kifua.

Mchunguzi: Niwie radhi, dada. Nimekosa kukushuku.

Mama Kisauni: Mwanangu, hilo la kifua ndilo litakalomuuma zaidi, kama lilivyoniuma mimi la tumbo. Hakuna mtu mzima kwenu anayejua?

Binti Likoni: Shangazi yangu wa Majengo anajua, ndiye aliyenipeleka kliniki siku ya kwanza. Nimewaandikia waandalizi waliweke kando jina langu kwa sasa. Nimemwomba mchumba wangu tukutane kwa shangazi Jumamosi baada ya Alasiri, na mkebe nitaubeba bila pamba.