Lambalamba za bibi: nipandishe bei au niache ubuyu?

Binti Ngamiani: Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga. Bibi yangu anauza lambalamba za ubuyu kibarazani tangu mama yangu hajaanza shule. Analoweka ubuyu usiku, asubuhi anaupekecha mpaka mbegu zibaki tupu, anachuja, anatia sukari na iliki, basi. Sasa miguu inamsumbua, kazi nimeshika mimi. Friza moja, vikopo 60, vijiti.

Shida ni bei. Moja shilingi 200, na bibi hataki isogee kwa sababu wateja ni watoto wanaotoka madrasa. Mwezi uliopita nikitoa sukari, ubuyu na umeme, nimebaki na nauli tu. Mjomba anasema niachane na ubuyu, ninunue ule unga wa rangi na ladha. Bibi aliposikia, hakumsemesha siku mbili. Nifanyeje?

Mzee wa Koni: Hamia unga. Biashara si sadaka.

Mama Iliki: Unga kila mtaa upo, atamshinda nani? Dada, ubuyu ndio unaowaleta. Ya watoto iache hapohapo 200. Tengeneza nyingine kubwa, ubuyu mzito na tui la nazi, uza 500. Mimi Unguja nauza malai hivyo. Watu wa maofisini ndio wanaonilipia sukari ya watoto.

Fundi Friza: Swali kwanza. Zinaganda kwa muda gani?

Binti Ngamiani: Usiku kucha. Na zinakuwa na chenga za barafu, sijui kwa nini.

Fundi Friza: Unajaza vikopo vyote 60 kwa mkupuo, friza inahema. Kitu kikiganda polepole chenga zinakuwa kubwa. Poza rojo kwenye friji kwanza, kisha weka 20, zikishika ongeza 20. Barafu ya ukutani ikifika unene wa kidole, gandua, inakula umeme bure. Angalia na mpira wa mlango. Sukari usiibanie sana, ndiyo inayofanya lambalamba ing'atike isiwe jiwe. Umeme ukikatika usifungue mlango, na zilizoyeyuka usizigandishe tena, watoto wataharisha.

Mzee wa Koni: Haya, hilo la friza sikulifikiria.

Mama Iliki: Maji unachemsha lakini? Na siku ukitaka kuingiza madukani, anzia SIDO, wale wa viwanda vidogo, hapo Tanga, wakupe barua ya utambulisho uende nayo TBS, wale wa viwango vya ubora. Usichapishe vibandiko kabla.

Binti Ngamiani: Nachemsha, bibi hana mchezo na hilo.

Binti Ngamiani: MREJESHO. Nimetengeneza ya tui. Bibi kaonja, kanyamaza, kisha akaniuliza iliki nimeisahau wapi. Nikarudia. Jumamosi nilitoa kubwa 30, magharibi haikukuta hata moja. Mjomba kala mbili, na bibi kamlipisha zote.