Binti yangu wa miaka 10 anavaa sweta joto lote hili la Tanga, nisaidieni wazazi wenzangu

Baba Makorora
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Mimi ni fundi baiskeli, naishi Makorora hapa Tanga na binti yangu wa miaka 10, yuko darasa la tano. Mama yake yuko Muscat kikazi, huu mwaka wa pili, tunaongea naye kwa simu jioni. Nyumbani tupo mimi, mtoto na mama yangu mzazi ambaye macho yameanza kupungua.

Tangu shule zifunguliwe Januari mtoto kabadilika. Huyu alikuwa akirudi anatupa begi mlangoni anakimbilia uwanjani, kumwita ale ni kazi. Sasa anarudi kalikumbatia begi kifuani, ananipita kibandani na shikamoo ya chini chini, anaingia ndani. Na sweta. Mnaijua Februari ya Tanga, hata fulana inakuelemea, yeye kafunga vifungo mpaka shingoni na jasho linamtiririka. Nikisema vua, macho yanajaa machozi. Baiskeli yangu hapandi tena, asubuhi anatangulia kwa miguu.

Juzi usiku bibi yake alimsikia analia. Kumuuliza, akasema kifua kinauma. Bibi kapapasa, anasema kuna kifundo kama kokwa ya zambarau chini ya chuchu ya kushoto. Kulia hakuna kitu. Sijalala tangu hapo. Nyumba ya tatu kutoka kwetu tulimzika mama mmoja mwaka jana kwa saratani ya titi, na mtoto alikuwa akienda kumwona.

Nianzie wapi? Hospitali, nimwite shangazi yake atoke Pangani, au nimuulize mwenyewe? Nakiri kwamba naona haya.

Nesi Mstaafu
Mdogo wangu, tulia kwanza. Kwa maelezo yako hilo ni ziwa linaota. Wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13, na mara nyingi upande mmoja unatangulia, mwenzake unafuata hata baada ya miezi kadhaa. Kinauma kikiguswa, begi likikigonga ndiyo kabisa. Saratani ya titi kwa mtoto wa miaka 10 ni kitu cha nadra mno.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Asikikande mtu, asikifinye, asikichue na mafuta ya moto. Na akitokea yeyote akasema kikatwe ili kipimwe, usikubali haraka, tafuta daktari wa watoto kwanza. Pale ndipo ziwa lote linapoanzia. Likikatwa sasa, upande ule huenda usiote maisha yake yote.

Mpeleke ukiona ngozi imekuwa nyekundu na ya moto, usaha au damu kwenye chuchu, au homa. Hata bila hayo, kama moyo wako hautulii, nenda akaangaliwe, hakuna atakayekucheka.

Siku zake huja takriban miaka miwili hadi mitatu baada ya kifundo hicho. Una muda, lakini si wa kuuchezea.

Mtu wa Chumbageni
Mambo ya kike mwachie mwanamke. Baba ukianza kuzungumza maziwa na binti yako, heshima inapungua. Mwite shangazi.

Baba wa Wawili
Kaka wa Chumbageni, nakuheshimu ila hapana. Mimi mke wangu alifariki binti akiwa na miaka 9. Nilisubiri shangazi, shangazi akasubiri likizo, na likizo ikakuta mtoto kashaona siku zake peke yake, kakata kanga ya mama yake vipande na kuvificha chini ya godoro. Nilivikuta nikitandika. Ile kanga ndiyo alikuwa akilalia tangu msiba. Sitaki mzazi mwingine akute nilichokikuta mimi.

Kwa yule mdogo niliweka pakiti mbili za pedi kwenye rafu ya sabuni, nikamwambia: hizi zako, zikipungua nazijaza, huna haja ya kuomba. Heshima haikupungua hata chembe.

Bibi wa Ngamiani
Mwanangu Baba Makorora, mimi nimefunda wari wengi. Zamani kila binti alikuwa na somo wake, mtu wa kumwambia asiyoweza kumwambia mama. Jambo zuri lile, nalitetea mpaka leo. Lakini tulikuwa na kosa moja: somo alikuja mtu akishavunja ungo. Mimi yalinikuta Muheza, tumekwenda kuchuma machungwa, nikaona damu nikadhani nimechomwa na mwiba ndani huko. Nikakaa chini ya mchungwa mpaka jioni nikingoja kufa. Nilikuwa na miaka 13.

Basi mtafutie somo, ndiyo, ila wewe usikae kimya ukimngoja. Mwambie jambo moja tu, kwamba haumwi. Mengine tutamweleza sisi.

Mwalimu Darasa la Sita
Nimefundisha wasichana miaka mingi. Maumivu peke yake hayamvalishi mtoto sweta. Sweta ni kwa ajili ya macho ya watu. Muulize nani anamwambia nini: darasani, njiani, dukani. Muulize taratibu na usimkatishe. Akitaja kwamba kuna mtu anamgusa, usikae nalo, 116 ni simu ya mtoto, unapiga bure.

Na uwanjani asiache. Singlendi laini ya kubana kidogo inamtosha kwa sasa, atakimbia bila kuumia.

Baba Makorora
Ndugu zangu, nimerudi. Jana jioni nilikuwa naziba pancha, nikamwomba anishikie mrija kwenye bakuli la maji tutafute tundu. Hapo hatutazamani, wote tunatazama maji. Nikamwambia kile kifundo si ugonjwa, ni ziwa linaota, na la kulia nalo litakuja. Akanyamaza. Mapovu yakatoka, hakuna aliyesema "hapa". Kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi sitakatwa kama mama Salha?" Kumbe miezi miwili yote mtoto anaishi na hilo.

Na mwalimu ulisema kweli. Kuna wazee wanakaa baraza njia ya shule, watu ninaosali nao. Kila akipita wanamwambia, "Mke wangu, umeshakuwa mama, mahari nilete lini?" Wanacheka. Ndiyo maana baiskeli hapandi, tukipita pale yuko juu, wote wanamwona. Nimekwenda leo baada ya alasiri. Niliwaambia kwa adabu, lakini nilisimama, sikukaa. Mmoja alisema ni utani wa babu na mjukuu. Nikamjibu mjukuu anavaa sweta kwa utani huo.

Mama yake kaongea naye saa nzima usiku, mimi nikatoka nje. Sweta leo kaenda nalo shule, ila aliporudi kalivua kabla hajafika jikoni.

Nesi Mstaafu
Alhamdulillahi. Mawili kabla sijasahau. Mwili unaokua unataka madini ya chuma, na siku zikianza atayahitaji zaidi: dagaa, maharage, mchicha, na chungwa juu yake. Chai ya rangi asinywe pamoja na chakula, inazuia chuma kuingia mwilini, aiache kama saa moja. Pili, uliza zahanati kama amechanjwa ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2024 ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mtoto wako ameshaingia humo.

Baba Makorora
Hajachanjwa, Jumatatu nampeleka. Shikamoo bibi wa Ngamiani, hiyo singlendi naipata wapi, na nachukua saizi gani?

Bibi wa Ngamiani
Marahaba. Usinunue wewe. Mlete Jumamosi asubuhi, twende naye sokoni achague mwenyewe rangi. Na umlete kwa baiskeli, akikubali.