Mjadala: Trafiki wazuie baiskeli zisizo na taa usiku, au tunamwonea mnyonge?

Ng'wana Tinde
Wakuu, nauliza kwa nia njema. Barabara ya Tinde kwenda Shinyanga mjini, jua likishazama, imejaa baiskeli: wauza maziwa, wabeba mkaa, vibarua, wanafunzi wanaotoka masomo ya jioni. Nyingi hazina taa wala rifleta. Na huku kwetu giza halibishi hodi. Saa moja unaona sura ya mtu, saa moja na nusu humwoni hata aliye mbele yako. Hoja yangu: kuanzia saa moja jioni trafiki wasimamishe kila baiskeli isiyo na taa mbele na rifleta nyuma. Faini wasitoze, waizuie tu mpaka mwenyewe aweke. Nimemzika binamu yangu aliyegongwa kwa nyuma. Dereva hakuwa amelewa wala hakuwa anakimbiza gari. Alisema hakumwona, na mimi namwamini. Mnasemaje?

Dereva wa Rusumo
Pole sana kwa msiba, mkuu. Mimi napeleka semi Kigali, hiyo njia ya Tinde, Isaka, Kahama naijua vizuri. Niwaeleze kinachotokea ndani ya kabini. Sheria inaniruhusu 80 kwa saa, yaani mita 22 kila sekunde. Likija gari mbele nashusha taa. Kwa dimu, mtu mwenye koti jeusi namwona akiwa mita 40 hivi. Hizo hazifiki sekunde mbili, na ya kwanza inaliwa na kujiuliza kile nilichokiona ni nini. Mzigo niliobeba hausimami kwa mita 40, hata ukanyage breki kwa miguu miwili. Kulia kuna basi linakuja. Nifanye nini? Naunga mkono hoja asilimia mia. Na wenzetu wa baiskeli wajue, ile lami tunailipia sisi kwa kila lita ya dizeli. Asiyechangia hata senti tano apite pembeni.

Binti Kolandoto
Pembeni wapi, kaka? Umeshawahi kushuka kwenye kabini ukaliangalia hilo bega la barabara? Sehemu nyingine lami imemegeka, kati ya lami na udongo kuna ngazi ya kiganja kizima. Ukiwa na debe mbili za maziwa kwenye keria, ukishuka hapo umemwaga yote. Na hiyo senti tano tunailipa. Tunailipa kwenye sukari, sabuni, vocha na hata hiyo baiskeli yenyewe ilipoingia bandarini. Usituone tumekaa barabarani kwa hisani yako.

Mzee wa Mizani
Dereva, hapo kwenye tozo umejichongea mwenyewe. Ukizidisha uzito wa ekseli moja mara mbili, uharibifu wa barabara hauongezeki mara mbili, unaongezeka kama mara 16. Ndiyo maana mizani ipo. Baiskeli ingepita hapo miaka mia isingeacha hata mchubuko. Mabonde ya matairi tunayoyaona kwenye lami ni yenu.

Dereva wa Rusumo
Mzee wangu, nakuheshimu, ila usinihukumu kama mwenye gari. Mimi nimeajiriwa. Napimwa uzito kituo hadi kituo, tani zikizidi bosi anatozwa na mimi nakatwa. Nimeongelea watu kufa, nyie mmeshika tozo. Haya, basi niseme na lingine ambalo mnalikwepa: wabeba mkaa hawakosi taa kwa umaskini. Hawawashi makusudi! Usiku ndio muda wanaotembea. Wanazima ili wasionekane kwenye geti la maliasili. Asiyeonekana na mkaguzi mimi nitamwona vipi?

Keria Tatu
Nyumbani kwako mnapikia nini, dereva? Jibu hilo kwanza. Nimebeba mkaa miaka mingi na huo ndio umesomesha wanangu. Mchana jua la huku na gunia tatu nyuma, mtu anaanguka njiani. Tunatoka alfajiri kwa sababu wateja wa mjini wanataka mkaa uwe umefika kabla hawajainjika chai. Ndiyo, wapo wanaokwepa geti. Wapo pia wenye vibali wanaopita hapo hapo gizani. Ukituita wote wezi unakosea, na unakosea kwa watu unaokula chakula chao.

Shemeji wa Kahama
Sasa jamani mkaa wenyewe si ndio unaondoka? Mkakati wa nishati safi ya kupikia umezinduliwa 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishakatazwa kuni na mkaa. Mkaa ukiisha, hizo baiskeli za gizani zinaisha zenyewe.

Keria Tatu
2034! Na mtungi ukiisha gesi katikati ya mwezi wewe unajaza kwa nini, kwa mkakati? Jirani zangu wana majiko ya gesi ndani, mengine hata nailoni hayajatolewa, na mkaa wananunua kwangu kila Jumamosi.

Shemeji wa Kahama
Unatetea biashara yako. Ukame wa miaka hii wilaya nzima tumeuona, miti imekwisha. Usigeuze ukataji miti kuwa ushujaa.

Ng'wana Tinde
Ndugu zangu, nawaomba. Binamu yangu hakubeba mkaa. Alikuwa anarudi kutoka kunyoa watu. Tuongelee taa.

Fundi Spoku
Nimekaa kimya nikisoma, sasa niongee kwa sababu hizi baiskeli zinapita mikononi mwangu. Phoenix na zile za Kihindi nyingi zinatoka dukani na rifleta nyekundu kwenye madigadi ya nyuma. Tatizo gunia. Mkaa unafungwa mpaka unaning'inia chini ya keria, rifleta inafunikwa yote. Trafiki akikagua mchana atasema ipo. Usiku haipo.

Dainamo nayo ina mambo yake. Ni nzuri, haili betri, lakini inawaka tairi linapozunguka. Mbeba mzigo akifika mlimani anashuka, anasukuma, mwanga unafifia mpaka unazima. Yaani anazimikiwa pale pale anapokwenda polepole na gari linapomkuta kwa nyuma. Halafu umeme wa dainamo unarudi kwa fremu, waya ni mmoja tu. Fremu ikishika kutu pale kwenye skrubu, taa inakufa na mtu anadhani balbu imeungua. Ananunua balbu tatu, hapati kitu. Kwangu huwa nakwangua kutu kwa msasa na inawaka.

Ninachowashauri wateja: karatasi ya kuakisi, ile nyekundu na nyeupe inayobandikwa kwenye malori. Vipande bandika kwenye foku, kwenye fremu ya nyuma chini karibu na ekseli ambako gunia halifiki, na kingine funga kwa kamba kwenye gunia lenyewe. Pedeli zenye vioo vya njano usizitupe. Zinapanda na kushuka, na jicho la dereva hukamata haraka kitu kinachocheza kuliko kilichotulia. Hata kipande kwenye kifundo cha mguu kinafanya kazi hiyo hiyo. Rifleta safi inaonekana mita 150 na zaidi kwa taa za gari. Linganisha na hizo 40 alizosema dereva.

Na vizibao vya rangi ya chungwa au kijani kali visivyo na ile mistari ya fedha vinawadanganya watu. Rangi ile inang'aa kwa mwanga wa jua. Usiku ni nguo tu.

Binti Kolandoto
Fundi umesema vizuri na nitabandika. Lakini mkuu mwenye mada, bado napinga trafiki kuzuia baiskeli. Umesema wasitoze faini. Mwalimu ninayefundisha naye alizuiliwa baiskeli kituo kimoja sitakitaja, akaambiwa akalete rifleta. Akaleta. Akaambiwa aje kesho, afisa hayupo. Alikwenda mpaka akachoka, na alipoikuta ilikuwa haina kengele wala pampu. Kwa mwenye gari kuzuiliwa ni usumbufu. Kwa mama muuza maziwa ni maziwa kuganda. Trafiki akishika rola la ile karatasi na mkasi, akabandika palepale, mimi nitampigia makofi. Akishika pingu, hapana.

Mswahili wa Münster
Huku Ujerumani baiskeli ndiyo usafiri wa mji wetu. Kuendesha bila taa gizani faini ni euro 20, hakuna kubembelezana, na watu wanatii. Hata Mkataba wa Vienna wa 1968 unataka baiskeli iwe na breki, kengele, kiakisi chekundu nyuma, na vifaa vya kuonyesha mwanga mweupe au wa njano mbele na mwekundu nyuma. Si jambo la kubuni.

Mzee wa Mizani
Kijana, huko umewekewa njia ya baiskeli na nguzo za taa. Huku njia ya baiskeli inajengwa Dar pembeni ya mwendokasi, halafu inageuka maegesho ya bodaboda na meza za machungwa. Kwanza njia, kisha faini.

Mswahili wa Münster
Nilizaliwa Nzega, mzee, najua hakuna nguzo. Ndiyo maana taa inahitajika zaidi huko kuliko huku. Mkisubiri njia ijengwe mtazika wangapi?

Keria Tatu
Hilo la Nzega nimelikubali. Lakini mbona hakuna anayeuliza upande wa pili? Mimi dainamo ninayo na inawaka. Nikikutana na malori yamewasha fulu, zile taa za kumulika mbali, na juu ya kabini wameongeza safu ya taa za espoti. Mtu wa baiskeli hana kioo cha kumkinga. Ukimulikwa vile unaendesha kwa kukumbuka barabara ilikuwa wapi. Wengi wanaotumbukia mtaroni hawakugongwa na mtu, walipofushwa.

Binti Kolandoto
Kweli kabisa. Dereva wa Rusumo, kaka yangu, nakuuliza bila ugomvi: ukikutana na baiskeli unashusha taa?

Dereva wa Rusumo
Kwa gari nashusha. Kwa baiskeli isiyo na taa nitashushaje wakati sijaiona?

Binti Kolandoto
Na yenye taa?

Dereva wa Rusumo
Nashusha. Siwezi kuwasemea madereva wote. Wapo wanaoona kataa kadogo wanasema ni baiskeli tu, wanapita na fulu. Hilo lipo na ni baya.

Keria Tatu
"Baiskeli tu". Hapo ndipo kwenye mzizi. Basi trafiki akisimama Tinde saa moja na nusu aanze na hizo espoti, ziko juu ya kabini, hazihitaji kutafutwa kwa tochi.

Shemeji wa Kahama
Espoti zinasaidia kuona ng'ombe na fisi. Ukizikataza ajali za ng'ombe zitaongezeka.

Mzee wa Mizani
Azizime akikutana na mtu, bwana. Swichi si ipo?

Ng'wana Tinde
Fundi, hilo rola la karatasi linapatikana wapi kwa Shinyanga, duka la vipuri vya malori au kwenu mafundi? Nataka nianze na vijana wa kijiweni kwetu.

Fundi Spoku
Maduka ya vipuri vya malori, wanakata kwa mita. Mwambie akupe ile yenye vipembe kama sega la nyuki, siyo ya plastiki tupu inayong'aa. Na futa fremu kwa petroli kwanza, la sivyo vumbi la huku litaibandua ndani ya wiki.