Naomba ushauri, Jumapili tunacheza na timu iliyonilea

Wadau habari zenu, naombeni ushauri. Mimi ni kocha wa timu ya mtaa huku Umoja, Nairobi, na Jumapili tunacheza uwanja wa Camp Toyoyo na timu ya Jericho iliyonilea tangu nikiwa kijana wa kuokota mipira. Mzee anayeikochi ndiye alininunulia njumu za kwanza, za mtumba, zilinibana lakini nililala nazo. Sasa najua beki wake wa kushoto akipanda huwa harudi, na wiki nzima nimefundisha vijana kila kitu isipokuwa kupitia huko. Nimejaribu kumwachia msaidizi wangu apange mechi, akaniuliza kama nimekula pesa. Je, niwaambie vijana hiyo siri ama ni usaliti? Na tukifunga, nishangilie?