Masaji kwa mgonjwa wa Parkinson, napigwa au?

BintiMkubwa: Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Baba yangu ana Parkinson (ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa) mwaka wa 4 huu, anatumia dawa ya levodopa na kutetemeka kumepungua kiasi, shida ni kukakamaa, shingo na mabega magumu kama ubao, usiku hawezi hata kujigeuza mpaka aniite. Juzi nikamkanda mkono wa kulia taratibu kama dakika 10 hivi, kile kidole gumba kinachojisugua na cha shahada muda wote kama anafinyanga tonge kikatulia kabisa, akalala. Asubuhi kikarudi palepale. Sasa kuna jamaa wa masaji anasema nikimpeleka mara 3 kwa wiki atapona na dawa ataacha. Nimpeleke?

MzeeWaFizio: Unapigwa dada. Parkinson ni seli za ubongo zinazotengeneza dopamini (kemikali inayosaidia mwili kujongea) zinakufa, hakuna mkono wa mkandaji unaofika huko. Masaji inalegeza misuli, maumivu yanapungua, usingizi unakuja, ila ni nafuu ya muda. Na levodopa isikatwe ghafla hata kidogo, mtu anaweza kukakamaa mwili mzima na homa juu. Tafuta mkandaji mwingine, na mzee akandwe dawa ikiwa imeshika, sio inapoishia.

mama_wawili: Mimi nimemuuguza mama miaka. Kulala kifudifudi alikuwa hawezi, tukawa tunamkalisha kwenye kiti anakumbatia mto kwa mbele anakandwa mgongo. Na akimaliza ASINYANYUKE haraka, presha za hawa wagonjwa zinashuka wakisimama, wangu alinidondokea mlangoni mafuta bado yanang'aa mgongoni, nililia siku hiyo. Akae kwanza dakika kadhaa ndio asimame. Choo kikigoma mpapase tumbo kufuata mshale wa saa, polepole.

Kibwagizo: Kumbe mambo ya zamani haya, yule daktari Mfaransa Charcot karne ya 19 aliona wagonjwa wakisafiri na treni wanashuka wana nafuu, akatengenezesha kiti cha kutikisika 😂 Mimi ningempeleka mara 1 tu kwa wiki, hela inayobaki iende kwenye mazoezi.

MzeeWaFizio: Nyongeza, kama ana ile betri ya kifaa cha kusisimua ubongo iliyowekwa chini ya ngozi kifuani, hapo pasibonyezwe wala waya wa shingoni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma usiukande, hospitali.

BintiMkubwa: Betri hana. Asanteni sana, jamaa nimemwambia dawa haachi mtu, kanuna. Nitamkanda mwenyewe mchana dawa ikishashika, mzee ameshaanza kuniuliza "ule mkono lini tena?"