Kiunganishi cha GDAL kimenigomea usiku kucha, halafu naambiwa "hamia 24.04"

Wakuu, nina hasira, mnisamehe nikiandika ovyo.

Nipo Dodoma, nachora ramani za viwanja, Nzuguni mpaka Ihumwa. Kazi yangu yote inapita kwenye GDAL, laibrari ya kusoma na kubadilisha data za ramani. Yenyewe ni ya C++, mimi naandika Python, kwa hiyo katikati pana kiunganishi. Hiki nnachokisema ni cha watu wa chanzo huria, siyo kile cha GDAL wenyewe, jina nalihifadhi. Nimekitumia miaka bila kelele.

Juzi nasakinisha upya kwenye seva ya mteja. Mfumo endeshi wake ni Ubuntu 22.04, unakuja na GDAL 3.4.1. Kiunganishi kikagoma, eti kinataka GDAL 3.6 kwenda juu. Nikadhani ni toleo jipya kubwa. Wapi! Toleo lake limepanda namba ya tatu tu, ile ambayo siku zote maana yake ni "tumeziba kasoro, endelea na kazi". Kwenye orodha ya mabadiliko hakuna hata neno. Nimeuliza, jibu likawa "hamia 24.04", swali likafungwa.

Seva siyo yangu jamani! Na hiyo 22.04 bado inahudumiwa mpaka 2027, mteja ataing'oa kwa ajili ya laibrari moja? Wale wa "tumia Docker", yaani nipakue kifurushi kizima chenye mfumo wake ndani, karibuni mninunulie bando.

Sisemi wabebe matoleo yote. GDAL 3.0 ilipotoka 2019, ukitumia EPSG:4326, yaani mfumo wa kawaida wa latitudo na longitudo, latitudo ikawa ndiyo inaanza. Aliyezoea kuandika 35.74 kisha -6.17 akijua yuko Dodoma, akajikuta kwenye Atlantiki, nje kidogo ya Tangier, Moroko. Bila ujumbe wowote wa kosa! Na amri ya kurudisha mpangilio wa zamani ipo kuanzia 3.0, kwenye GDAL 2 haijulikani kabisa, msimbo hauwezi hata kukompailiwa. Kubeba zote mbili hapo ni mateso. Ukisema "2 tumeiacha", ukapandisha namba ya kwanza, nakupigia saluti.

Lakini 3.4? Nimefungua msimbo wao kutafuta kitu cha 3.6 wanachokihitaji. Nimekuta sharti tupu. Nimelifuta, nikakompaili juu ya 3.4.1, majaribio yao wenyewe yakapita yote. Nikawatumia marekebisho, kimya.

Kosa langu ninalo, sikufunga namba ya toleo la kiunganishi, ndiyo maana likaja jipya. Hilo nimelilipia, ramani zimemfikia mteja saa kumi alfajiri.

Ila mnaotunza viunganishi humu, toleo la chini kabisa mnalichaguaje? Debian 12, mfumo endeshi mwingine, ina GDAL 3.6.2, kwa hiyo nahisi kuna mtu kachungulia mashine yake akaona inatosha.